Ukuta Mpya wa Bamwana

Wanakuja! Posa haijavunjika! Diane wangu anaolewa, na wale wanaosubiri kunicheka hapa Gitega watafute kazi nyingine.

Haya, sasa habari za leo. Jumatano, mvua ya asubuhi imekatika, nguo bado mbichi kambani.

Diane ni binti yangu wa pili. Yuko Muyinga, kwenye timu inayolipua mwamba wa kujengea barabara. Msichana ni yeye peke yake, na kofia nyeupe ya wakubwa kichwani. Nasema tu. Baada ya mlipuko wa wiki iliyopita, nyumba ya baba wa mchumba wake ilipasuka vioo vya nyuma vyote. Vya nyuma! Vya mbele, vinavyotazama mwamba, vikabaki salama. Na jirani yake, aliye karibu zaidi na mwamba, hakupoteza hata kimoja.

Mzee akanipigia. "Bamwana," akaniita, kama tunavyoitana sisi wazazi wa wachumba, ila sauti ilikuwa kavu. "Mkwe gani huyu, anavunja nyumba kabla hajaingia?"

Tangu hapo sikumwamini mtu. Nilimshuku mzee kwamba kavivunja mwenyewe apate sababu ya kurudi nyuma. Nikamshuku jirani. Nikamshuku msichana mmoja wa kwaya yao aliyekuwa akimtaka mchumba wa Diane.

Nilimshuku hata Diane, kwamba kaharibu kazi na ananificha. Mungu anisamehe.

Jana alikuja. Sikumpa hata chai. "Mimi nimeishia la sita," nikamwambia, "lakini najua mlipuko hauzunguki nyumba kama mwizi!"

"Unazunguka, maman." Akacheka, akavuta karai langu la kufulia, akadondosha jiwe majini. Mawimbi yakaenda, yakagonga ukingo, yakarudi. Pale yaliporudi na kukutana na mengine, maji yaliinuka zaidi.

Hewa nayo ni hivyo hivyo, akasema. Nyuma ya nyumba ya mzee, hatua tatu tu, kuna ukuta mpya wa matofali, mrefu. Mlipuko ulipita juu ya paa, ukagonga ukuta, ukarudi kwenye vioo. Tena timu ilikuwa imewaambia watu wafungue madirisha kabla ya king'ora. Mzee alifungua ya mbele, ya nyuma akayaacha, eti hayatazami mwamba. Jirani ana ua wa minyaa. Minyaa inayumba tu, hairudishi kitu kwa nguvu hiyo.

Mzee naye kaonyeshwa kwa karai la kwake, kakubali. Hasira imekwisha.

"Ila maman, ukuta wenyewe alijengea nini?"

Nikachukua karai, nikamwaga maji.

Ni mimi. Siku ya Pasaka nilimwambia mzee mbele za watu kwamba binti yangu haingii kwenye ua wa minyaa kama zizi la mbuzi. Akang'oa minyaa iliyopandwa na baba yake, akajenga. Na pamoja na hasira zote hizo, hakunitaja kwa mtu.

Hilo ndilo linaniuma.

Kwetu mama wa bibi harusi hasemi siku ya posa, wanasema wanaume. Safari hii watanisikia. Kibuyu cha kwanza cha pombe kikishapita nitasimama, nimwombe bamwana msamaha mbele ya watu wake wa Muyinga na wetu wa Nyarusange na Bukirasazi. Wote wameitwa Jumamosi, saa nne asubuhi.