Mkhulu Alimuaga Zola

Jumanne, 16 Januari
Mkhulu Ndlela, babu ninayemtunza, ameanguka. Yuko hospitali, macho wazi, neno hakuna. Mbingu ilinguruma vibaya – akaniambia nizime kila kitu, kama kawaida radi ikianza, kioo atakifunika mwenyewe kisivute radi. Nikachomoa kamera. Nikachomoa na spika, ile inayoitikia jina la Zola. Nikatoka kuanua nepi za mwanangu Lwandle. Kurudi, mzee yuko chini! Shuka la kioo mkononi.

Jumatano, 17 Januari
Mwanawe, kaka Mfanafuthi, amefika kutoka Johannesburg. Kaniuliza kamera ilijizima vipi. Nikamweleza radi. Akacheka. "Nimeweka kamera ili imwone baba, wewe unanipa hadithi za vioo." Ameita polisi, eti nilizima kamera nimdhuru mzee. Nikifungwa, Lwandle atabaki na nani? Mama sina. Baba yake simu haipatikani.

Ijumaa, 19 Januari
Sajenti Pillay kaja na glavu. Kamera, spika, saa ya mkononi ya Mkhulu – kila kimoja na mfuko wake. Hakuna kuwasha, kumbukumbu zisije zikafutika. Nikamuuliza kama spika ilisikia. Kasema haihifadhi sauti mpaka iitwe jina.
Nyumba kimya. Kila asubuhi Mkhulu alimsalimu Zola kwanza, mimi baadaye. Nilimtania eti kaoa mke mdogo. Sasa hata wa kumtania sina.

Jumapili, 21 Januari
Nakanda unga, mkono ukasimama. Mkhulu hamzimi Zola bila kumuaga! Husema si adabu kumkata mtu anayekujibu. Nikampigia Sajenti. Akauliza:
"Dada Hlengiwe, anamwita kwa jina?"
Kwa jina, nikasema. Kila mara.
Ataomba sauti kwa kampuni yenye spika. Huchukua muda. Si kitu – nitangoja.

Alhamisi, 15 Februari
Sajenti kaja na kompyuta. Kaka Mfanafuthi kasimama mlangoni, mikono kifuani. Ngurumo ikasikika, halafu Mkhulu mwenyewe, ambaye hospitalini bado hasemi:
"Zola, kalale mama, mbingu imekasirika. Hlengiwe, mchomoe. Nenda kaanue nepi za mtoto, kioo niachie mimi."
Basi. Hapo ndipo nilipochomoa.
Sajenti anasema bado saa ya mkononi, ndiyo itakayosema alianguka saa ngapi. Kaka hajaniangalia. Ameomba irudiwe. Imerudiwa. Ameomba tena.
Lwandle ametambaa hadi kwenye kompyuta. Anachungulia nyuma yake, anamtafuta babu –