Kikombe Kimerudi na Sukari

Jumanne, baada ya Isha

Na kwa nini akirudishe upesi hivi?

Juzi jirani yangu Mama Neema alishikwa na malaria, nikampelekea uji katika kikombe changu cha udongo, kile nilichokifinyanga na kukichoma kwa kuni mwenyewe. Leo amegonga. Kikombe kimejaa sukari, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu.

"Asante, papa. Sitaikala, nimeacha batoto peke yao nyumbani."

Kiti nilikuwa nimeshakifuta vumbi ili akae.

Nikamimina sukari kwenye kopo, nikampa tena kikombe. "Bakia nayo, mi niko na ingine."

Sina kingine. Chai nimeinywea kwenye kifuniko cha termosi. Lakini maadamu kikombe kiko kwake, mlango huu bado una mtu wa kuugonga.