Mke Mwenzangu Amenuna, na Zabibu Zimeiva

Mama Mshauri, shikamoo. Nakuomba unipe akili, maana hapa nilipo mtu pekee wa kumweleza jambo hili ndiye huyo huyo ambaye hasemi nami.

Mimi ni Efrazia, mjane, kwetu Busawe, na sasa naishi huku milimani Tarime pamoja na Christina, ambaye tulikuwa wake wa mume mmoja, marehemu Magige, mimi mkubwa na yeye mdogo. Sitakuficha, mama, mzee alipokuwa hai hatukupendana, kila mmoja na jiko lake na mdomo wake, lakini homa ilipomchukua mume wetu, shemeji yetu Mseti alikuja hata matanga hayajaisha akasema anaturithi wote wawili pamoja na ng'ombe, nikamtazama Christina naye akanitazama, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sisi kukubaliana jambo. Tulitoroka alfajiri, yeye amembeba binti yake mgongoni, mimi chungu na jembe, tukatembea mpaka misheni moja huku juu, tukamwomba Padri hifadhi.

Padri huyo alikuwa na shamba la mizabibu aliyoipanda ili apate divai ya Misa, lakini amezeeka, magoti hayamruhusu, na vijana wa huku wanasema kazi ya mwanaume ni ng'ombe, si kufungafunga vitawi kama unamsuka mtoto nywele. Akatupa nyumba ndogo na shamba tulitunze, divai ya altare iwe yake, zabibu zinazobaki tuuze wenyewe. Hatukujua lolote. Alipotuonyesha kupogoa, matawi yalitoa maji pale tulipokata, Christina akaangusha kisu akapiga kelele, "Dada, inalia hii!" Padri akacheka mpaka akakalia ndoo. Mwaka wa kwanza ngedere walikula kuliko Kanisa. Lakini tuliendelea, tukabatizwa, tukajifunza kusoma, tukala chungu kimoja, na jioni tulikuwa tunamwigiza marehemu Magige anavyokoroma na anavyodai chakula mpaka tunashika mbavu, nami nikasema moyoni, basi, uzee wangu umepata pa kukaa.

Ndipo akaja Heche. Ni seremala kutoka upande wa Sirari, mkewe alifariki, naye aliitwa kutengeneza pipa lililokuwa linavuja. Pipa lilipona mapema lakini yeye hakuacha kuja, leo nguzo, kesho mlango, na mimi nikajua amemwona Christina, kwa kuwa bado kijana na ni mzuri, hata nikaanza kumchagulia mwenzangu nguo za kuondoka nazo. Kumbe! Jumapili moja baada ya Misa alinisimamisha, kofia mkononi, akasema, "Efrazia, sitafuti msichana. Natafuta mtu wa kuzungumza naye. Twende Sirari uwe mke wangu." Mama, na utu uzima wangu huu, nilikosa mahali pa kuweka mikono.

Nilimwambia Christina nikidhani atacheka. Badala yake akasema, "Nenda tu, dada. Wakubwa ndio huchagua kwanza." Tangu hapo amehamisha mafiga yake, anapika kivyake, anavuna mstari wake na mimi wangu, na mtoto akiniita Mama Mkubwa yeye anamwita arudi ndani. Zabibu zimeiva, ndege wanazimaliza, na wanawake wawili tuliokuwa tukiwafukuza kwa debe moja sasa hatuelewani nani apige. Majirani wanasema anamtaka Heche. Mimi nampenda yule mwanaume, sioni aibu kulisema, lakini kama mwenzangu naye anampenda, nifanyeje? Nimwachie? Niende? Au nikose wote wawili?

Mimi Efrazia, milimani Tarime

Marahaba, Efrazia.

Pole, na tena hongera. Mwanamke aliyemkimbia shemeji wa namna ile akiwa na chungu na jembe tu, akaanza maisha upya katika kazi asiyoijua, hana sababu ya kubabaika mbele ya seremala.

Lakini nitakugombeza. Maneno ya Heche umeniandikia yote, hata kofia yake. Ya majirani umeandika. Je, Christina ulimuuliza nini? Hukumuuliza kitu! Umeona amenuna, ukajijibu mwenyewe, kwa sababu mlizoea kugombania mwanaume na unadhani duniani hakuna ugomvi mwingine. Hebu fikiri. Ukienda Sirari, Christina anabaki na nani? Na Padri ambaye magoti yamekwisha. Padri akiitwa na Mungu, shamba ni la nani? Na Mseti akisikia yuko peke yake na binti ambaye kesho ataposwa kwa ng'ombe, unadhani atachelewa njiani? Mwanangu, Christina hamlilii Heche. Anakulilia wewe.

Sasa sikiliza. Leo hii chukua kikapu, ingia kwenye mstari wake, vuna upande wa pili, na umuulize anaogopa nini. Usimtaje Heche mpaka amtaje yeye. Kisha nendeni wote wawili kwa Padri, mmwite katekista na wazee wa hapo, Padri atamke mbele yao kwamba shamba liko mikononi mwenu wote wawili na hakuna wa kumtoa Christina pale, aolewe asiolewe.

Na huyo Heche mwambie kwamba nyumba yako iko hapo. Najua kwenu mwanaume akihamia kwa mke huchekwa hata na watoto. Acha achekwe. Mbao zipo kila mahali, mizabibu haihami. Akikataa utaumia, nawe utapona. Na ikiwa kweli Christina anampenda, mwenye kujibu ni Heche, naye ameshajibu. Usijifanye mtakatifu ukagawa wanaume kama mbegu.

Wasomaji wangu, jibu hili nililipeleka kwanza kwa posta, maana zabibu hazisubiri gazeti. Efrazia ameniandikia tena. Anasema Christina alivuna mpaka mwisho wa mstari, ndipo akakaa chini akasema, "Siku utakayoondoka, Mseti atakuja. Nilikuwa nazoea mapema kukaa bila wewe." Walilia wote wawili, kikapu kikapinduka, na mtoto akala zilizomwagika. Padri ametamka mbele ya wazee. Heche aliambiwa, akaenda kwao kufikiri, na kimya chake kilikuwa kirefu hata Efrazia akaanza kujipoza moyo. Kisha akaonekana akisukuma baiskeli mlimani, sanduku la vyombo vyake limefungwa nyuma kwa kamba, akauliza ajenge wapi.

Aliyemwonyesha ni Christina. "Hapa," alimwambia, "lakini ukituzibia jua, utabomoa mwenyewe."