Mita Mia Saba na Sitini

Kwa kaka yangu Florentino,

Shikamoo kaka. Barua hii namkabidhi Lucio wa lori la mafuta, maana simu yako nimeipiga mpaka nimeichukia. Naomba ikukute mzima huko machimboni, na homa ya msituni isikuone. Sisi tuzima. Mama anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua, ila mdomo haujambo. Juzi kamfukuza muuza sufuria mpaka barabarani kwa ajili ya kifuniko kimoja. Anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula, Mungu anisamehe, maana sijui.

Baridi ya mwaka huu imewahi. Viazi tumeshavitandaza nje vigande, na alpaka wako wanachungwa na binamu Teodosia. Wawili wamekufa kwa barafu, wengine wazima. Binti yako ananenepa huko kwa babu yake. Ana meno mawili na anang'ata watu kwa makusudi.

Sasa kaka, kaa chini, nina neno na wewe.

Unakumbuka mimba ya Benedicta ilipokuwa kubwa, nesi alitaka ashuke mjini akangoje uzazi kwenye nyumba ya wajawazito. Ulinipigia huku mjini ukasema, we Herminia, si ndiye unayekaa na kompyuta za afya, hebu niangalizie damu yake inasemaje. Nikafungua ripoti. Mbele ya jina la wifi yangu hapakuwa na alama yoyote ya hatari, nami nikakwambia damu yake ni nzuri. Ndipo ukamwambia abaki kwanza mpaka alpaka wamalizwe kukatwa manyoya. Mwenyewe alifurahi, eti mjini watu wanalala mpaka jua liwachome.

Yaliyofuata uliyaona. Alijifungua, damu ikakataa kukatika, na mwilini hakuwa na damu ya kupoteza. Lori la kumpeleka hospitali lilipofika alikuwa ameshatutoka. Pale makaburini mkweo, mzee Anacleto, alisimama mbele ya watu wote akasema umemuuza binti yake kwa manyoya, na mjukuu wake hutamgusa. Uliinama ukaokota kofia yako, ukaenda zako. Tangu siku hiyo Qellopata nzima inasema Florentino kamuua mkewe. Linaloniuma zaidi ni kwamba najua hata wewe umeamini.

Basi sikiliza. Mwezi uliopita nilikuwa naandaa ripoti ya watoto wa shule. Nikaona Qellopata yetu, huko juu kwenye barafu, na Pampawasi, chini ambako shayiri bado inaota, zimepimwa kwa mstari mmoja wa jedwali. Nikadhani ni macho yangu. Si unajua, kwetu huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mtu anatakiwa awe na damu nyingi kuliko mtu wa chini. Damu inayomtosha mtu wa pwani, kwetu ni ya mgonjwa. Jedwali limepangwa kwa ngazi za mwinuko, na programu kabla ya kulisoma inakipeleka kijiji kwenye ngazi moja. Zamani ngazi zilikuwa za mita elfu elfu. Likaja jedwali jipya, la mia tano mia tano. Abelardo, aliyeshika kazi kabla yangu, aliliingiza vizuri kabisa, ila alisahau kubadilisha mstari mmoja wa programu, ule unaokata namba ya mwinuko iingie kwenye ngazi. Ukaendelea kukata kwa elfu elfu, tena kwa kushusha. Kwetu ni mita elfu nne mia saba na sitini. Programu ikatusoma elfu nne. Ile mia saba na sitini ikatupwa, na damu ya Benedicta ikahesabiwa ni ya mtu mzima wa afya.

Abelardo si mtu mbaya. Ni mtu wa pwani, kwao bahari iko mlangoni. Nilipompigia akaniuliza, kwani mita mia saba zina nini? Nikamjibu, zina wifi yangu. Nikamsikia analia.

Nilirekebisha mstari ule, nikaitoa upya ripoti ya mwaka jana. Jina la Benedicta likatoka na alama: apewe vidonge vya damu, ashushwe mjini upesi, asizalie nyumbani. Kaka, ungesomewa hayo ungemshusha mjini umembeba mgongoni. Nakujua. Mimi ndiye niliyekusomea uongo, nikidhani ni kweli, na wewe ukaniamini kwa kuwa mimi ni dada yako.

Mkuu wangu alisema nirekebishe kimyakimya, nisiende kuwasha moto huko juu. Nikamwambia moto unawaka tangu Novemba, na anayeungua ni ndugu yangu. Wajawazito watatu wa huko juu nikahakikisha wameshushwa, kisha Jumapili nikapanda mwenyewe. Mkutanoni nikaomba nafasi, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe. Mzee Anacleto akauliza swali moja tu: kwa hiyo mwanangu alikuwa mgonjwa siku zote zile alizokuwa anacheka? Nikasema ndiyo, baba. Akakaa chini palepale kwenye nyasi kavu. Sijapata kuona mtu mzima akilia vile, naye hakujifunika uso.

Nilipotaka kushuka aliniita kando. Nikasema leo natukanwa. Kumbe alikuwa amembeba mtoto. Akasema, mwandikie kaka yako. Mwambie Benedicta kabla hajakata roho alinishika mkono akasema, jina la mtoto atalitoa babake, asilitoe mtu mwingine. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu haya, na kwa hasira nikalimeza. Wenzake wa rika lake wote wameshabatizwa, huyu wangu mpaka leo tunamwita wewe, wewe, kama tunafukuza kuku. Padri ameuliza, msajili ameuliza, nimewaambia wote wangoje. Mwambie mimi ndiye niliyefunga mlango, na mimi ndiye ninayemwomba apite.

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala kupunguza. Benedicta hatutampata tena, kaka, na hakuna namba ya kurekebisha hilo. Lakini alikufa akiwa na imani nawe, na neno lake la mwisho lilikuwa lako. Lucio anarudi huku Alhamisi, nimemwomba akuachie nafasi mbele kwenye lori. Njoo umpe mwanao jina.

Mama anakubusu, na Teodosia anakusalimu pamoja na wanyama wote. Nami nakukumbatia kwa machozi.

Ni mimi mdogo wako,
Herminia