Gauni la Sadaka

Dada Wakio,

Huko uliko sidhani kama kuna mahakama, kwa hiyo nitakueleza polepole. Nimefungwa, ingawa kila siku nalala nyumbani. Cherehani yetu iko palepale barazani hapa Voi, nayo imekatazwa kushona gauni letu.

Unakumbuka lilivyozaliwa? Tulikuwa kanisani Mwatate, na mama mmoja mbele yetu alikuwa akihangaika na fundo la leso kifuani atoe sarafu, hadi kikapu cha sadaka kikampita. Ulicheka mpaka mzee wa kanisa akageuka. Njiani ukaniambia, "Mwanamke asitafute sadaka kifuani kama anayekuna upele." Ulipofika nyumbani ukakata gauni la mikunjo kiunoni, na ndani ya mkunjo mmoja ukaficha mfuko. Uliuweka kushoto, maana mwenyewe ulikuwa wa mashoto. Mimi nikavumbua namna ya kukunja kitambaa cha ndani ili sarafu isidondoke hata mtu akipiga magoti. Uliniita profesa wiki nzima, mshenzi wewe. Wanawake wakateremka toka milimani wakilitaka, wengine wakaja toka Taveta.

Tulipokwisha kukuzika, duka kubwa karibu na stesheni likatundika gauni lile dirishani. Mikunjo ileile, mfuko kushoto. Hata mashoto yako waliiga! Nikaenda kushtaki. Kumbe walikuwa wameshauandikisha mshono kwa jina lao, na mbele ya sheria mwizi nikawa mimi.

Kizimbani nilijieleza vizuri tu. Nikaonyesha mfuko, nikaeleza habari ya mashoto yako, kisha nikasema, "Mheshimiwa, mshono huu ni wetu."

Wakili wao akanyanyuka. "Wetu? Wewe na nani?"

"Na dada yangu."

"Basi aje aseme mwenyewe."

"Alishafariki."

Watu wakaguna. Karani aliyekuwa karibu nami akaninong'oneza, "Mama, wewe sema wangu. Asiyekuwepo na lake halipo."

Neno lenyewe dogo, Wakio, na ulimi ukalikataa. Sisi hata mtu aliyezaliwa peke yake husema mama yetu. Ningesimamaje pale, na mfuko ule mkononi, nikufute? Nikarudia: ni wetu. Hakimu akasema mwenye mshono hajulikani vizuri, akanizuia nisilishone gauni lile mpaka kesi iishe. Nayo haiishi. Kila nikienda naambiwa wakili yuko Mombasa, au faili halijaonekana, njoo mwezi ujao.

Wateja wanakuja na vitambaa vyao vya harusi, nawarudisha. Viraka na kaptula za shule ndizo zinazotuweka mjini. Binti yako Mshai yuko kidato cha pili, na mwalimu ameshamtuma nyumbani kwa ajili ya karo. Ananiangalia kwa macho yako. Nikiacha kesi, nimekuuza. Nikiishikilia, yeye ndiye anayelipa. Nimegeuka kila upande, sina pa kutokea.

Ndipo mwenye duka akaja mwenyewe, mpole kabisa, akakaa kwenye kiti chako.

"Mama, tugombane ya nini? Futa kesi, uje ushone kwangu. Mshahara kila mwisho wa mwezi."

Nikamwuliza kwa nini ananihitaji mimi, wakati ana mafundi tele. Akaona haya kidogo. "Wateja wanarudisha magauni. Ule mfuko wetu unamwaga pesa."

Alisema wetu, Wakio, na hakuna wakili aliyemwuliza yeye na nani.

Kumbe walikuwa wameiga kila kitu isipokuwa kile cha ndani, tulichokijua wawili tu. Hicho ndicho alichokuja kukitafuta. Nilimchukia nikiwa namkaribisha chai. Nikamwaza Mshai, nikakubali.

Leo nimeshinda na fundi wake, kijana mwenye adabu. Nikamshika mkono, nikamwonyesha kitambaa kinavyokunjwa mara mbili na sindano inapopita. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Akatia sarafu mfukoni, akaligeuza gauni juu chini, akalitikisa kwa nguvu.

Haikudondoka.

Pumzika, dada. Mshai anarudi shule Jumatatu. Hayo mengine usiniulize hata ndotoni.

Ni mimi, mdogo wako.