Programu Moja Mara Mbili

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimeifuta vumbi kompyuta tena. Rehema hafuti. Mjukuu ana vyeti, kitambaa hakioni. Asubuhi kaja maalim wa madrasa na mtihani wa kuchapwa kwa Kiarabu. Mchana kaja karani wa shamba la mkonge na barua za Kiingereza. Sebule yangu hapa Chumbageni imekuwa ofisi. Nagomba, lakini napenda kusikia hodi.

Alhamisi, 9 Machi
Rafiki yake Rehema anamwita Dar. Kuna ofisi inataka mchapaji. Rehema kasema maadamu kazi ipo hapa, haendi. Nikaenda kuchambua mchele.
Zamani tulipanga foleni ya sabuni, watoto wote nyumbani. Sasa maduka yamejaa, nyumba ndiyo tupu. Nimebaki na huyu.

Jumamosi, 11 Machi
Kompyuta imejaa, haina nafasi. Rehema kanuna kutwa. Nikamwuliza mbona programu ya kuchapa imo mara mbili, jina moja, picha moja. Kasema ndani mna chipu mbili. Ya zamani ndiyo ya Kiarabu. Mpya, ile fundi aliyoichomeka mwaka jana, ndiyo ya Kiingereza. Kila chipu na programu yake, ya huyu haimfai yule.
Nikamwambia huo ni ufujaji. Kwa marehemu mume wangu, kule Nguvumali, tulikuwa wake wawili. Kila mtu na jiko lake, lakini kinu kimoja. Huyu akitwanga, yule anangoja. Mbona hatukufa njaa? Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Jumatatu, 13 Machi
Rehema kaenda Amani kupeleka ripoti alizowachapia watu wa msitu. Atalala huko. Nyumba kimya.
Nimeiwasha mashine mwenyewe, alinifundisha. Nimeikokota programu moja hadi kwenye kile kipicha cha pipa la taka, nikalimwaga pipa. Nafasi tele. Chipu zitapokezana iliyobaki. Atanishukuru.

Jumanne, 14 Machi
Hakunishukuru. Upande wa Kiingereza haufanyi kazi. Chipu mpya haiitambui kabisa programu iliyobaki. Rehema kakaa kitini, mikono mapajani.
"Bibi, umefuta?"
"Nimefagia."
Kaizima mashine. Afadhali angefoka. Disketi za kuirudisha anazo yule fundi, na fundi kahamia Dar.

Ijumaa, 17 Machi
Karani kapeleka barua zake kwingine. Nimemsema pale pale mlangoni, hana subira, hana haya. Kasema, "Shikamoo bibi, mimi natumwa tu." Sikuitikia.
Rehema anakunja nguo. Anasema anafuata disketi. Anayefuata disketi habebi kanga zote. Nimemfungia mkate wa kumimina ale njiani.

Jumamosi, 18 Machi
Kaondoka.

Ijumaa, 24 Machi
Kapiga simu kwa jirani, nikaitwa. Kampata fundi. Na ile kazi kaipata pia, kaanza jana. Disketi atakuja nazo Idi ya kuchinja, akipewa ruhusa. Nikamwuliza anakula nini. Kasema wali wa mgahawani. Nikamgombeza kwa wali. Simu ikakatika kabla sijasema nililotaka kusema.
Kinu hakimjui anayetwanga. Ile programu inamjua. Ningemsikiliza Rehema.

Jumapili, 2 Aprili
Nimepika wali wa watu wawili. Nusu nimempa jirani. Kanishukuru mno, nikaudhika.

Jumanne, 11 Aprili
Maalim kaja na mtihani mwingine. Nikamwambia mchapaji hayupo. Akageuka. Nikamwita arudi.
Upande wa Kiarabu mzima. Herufi zile nilizisoma chuo cha Kurani utotoni, kabla ya kisomo cha watu wazima kunipa hizi ninazoandikia. Nimechapa kwa kidole kimoja, tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mistari mitatu. Maalim atapitia kesho kutwa.
Nimejipakulia chakula hapa hapa sebuleni. Mashine sijaizima. Feni yake inavuma.