Bia Inayoitwa Mama

Nagano, Japani
2 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na unaweza kwenda sokoni bila fimbo. Mimi mzima, baridi imeisha, nimeanza kulala bila soksi. Najua hupendi ujumbe wa sauti, kwa hiyo nimekaa chini niandike barua kama ulivyokuwa unawafundisha wanafunzi wako.

Kuna habari ya kazini. Kiwanda chetu kidogo cha bia kimekubaliana na kiwanda kingine cha mji wa jirani kutengeneza pamoja bia moja ya matunda. Wenzetu wamezoea matofaa na zabibu. Sisi tukaambiwa tulete tunda ambalo watu hawalitegemei kwenye bia. Nikasema ndizi, nikawaeleza habari za mbege, pombe yetu ya ndizi.

Jaribio la kwanza lilikuwa uchafu, mama. Walimimina sharubati ya ndizi ya dukani ndani ya bia, ikatoka kitu kinachonuka dawa ya kikohozi ya watoto. Nilimeza funda moja, likarudi hadi puani. Bosi wangu, Bwana Igarashi, akasema basi aje aonje ya kwetu. Atafika Julai pamoja na mpiga picha. Mimi sijapata ruhusa ya kufuatana nao. Naomba uwapokee, uwapikie mbege kama ile ya sherehe.

Mwanao,
Irine


Moshono, Arusha
9 Juni 2024

Mwanangu Irine,

Marahaba. Mguu unanikubalia nikienda, unagoma nikirudi. Nalepo, yule mama wa Kiarusha aliyepanga chumba cha uani ulipoondoka, anakusalimu. Ng'ombe wake mmoja tunamfuga sote, na maziwa ananiletea kila asubuhi kabla sijaamka vizuri.

Hiyo pombe yenu inatia kinyaa hata kuisoma. Ndizi haimiminwi kwenye bia, ndizi ndiyo bia yenyewe. Waambie wachemshe ndizi mbivu mpaka zigeuke nyekundu, waziache zichachuke, wazichuje. Halafu ndipo inaingia uji wa kimea cha ulezi uliopoa, pamoja na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu. Bila uchungu wanakunywa uji wa mtoto mchanga.

Waje tu. Nitaagiza ndizi kutoka Maji ya Chai, na nitavaa lile gauni la kitenge nililoshona kwa kipaimara cha mdogo wako. Mgeni wa mtoto wangu ni mgeni wangu.

Mama yako


Moshono
28 Julai 2024

Irine,

Habari za huko. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka.

Wageni wako walifika Jumanne. Aliyewaleta na kututafsiria ni Nelson, anayetembeza watalii kutoka Usa River. Bwana Igarashi aliinama mlangoni kwa heshima, nikampenda. Mpiga picha akatazama geti, akatazama vigae, akatazama jiko la gesi, akakunja uso kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Akamnong'oneza Nelson. Nelson akaniambia huku macho yake yako chini, "Mama, wanauliza kama kuna nyumba ya udongo hapa karibu."

Kumbe walitaka nivue viatu, nijifunge shuka la Kimasai walilonunua njiani, nikakae chini ya migomba ya jirani nimeshika kibuyu. Mimi, Mchaga wa Machame, mwalimu mstaafu. Nikamwambia Nelson awaambie kwamba hivi ninavyoonekana ndivyo nilivyo. Wakanipiga picha mezani mbili tatu, bila hamu.

Tukaonja pombe. Bwana Igarashi akachukua funda, akalizungusha mdomoni kama anayesukutua, akatema kwenye kikombe. Akaandika kitu, akachukua funda lingine, akatema tena. Mezani kwangu, Irine. Kikombe kikajaa mate na mbege, povu juu, kikakaa mbele ya sahani ya nyama. Nilishindwa kula. Hicho kikombe nimekitupa jalalani, maana hakuna sabuni ya kukirudisha kabatini.

Nilipotoka kupunga hewa nikamkuta mpiga picha uani, anampiga picha Nalepo akikamua. Nalepo alikuwa anacheka. Alidhani ni picha ya kukutumia wewe.

Mama yako


Nagano
11 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Pole sana. Mguu je? Na Nalepo hajambo?

Bwana Igarashi hakukudharau. Waonjaji wa bia huku hutema ili ulimi usilewe, ni desturi ya kazi. Aliporudi aliniambia mbege yako ni kitu cha kwanza kumshangaza baada ya muda mrefu. Ningekuwepo ningemwambia atoke nje kutema. Nisamehe kwa hilo.

Bia inaendelea, ingawa si ile. Gome la msesewe halikuruhusiwa kuingizwa nchini, na wenzetu wa kiwanda cha pili wameongeza vanila. Sasa inanuka keki ya harusi iliyosahaulika kwenye gari. Nafunga pua nikipita kwenye tangi.

Mambo ya picha usiyawaze, mama. Hayo yamekwisha.

Mwanao,
Irine


Moshono
20 Oktoba 2024

Irine,

Leo sikuulizi hali.

Nelson alikuja jana na simu yake mkononi, hataki kukaa. Akanionyesha tangazo la kiwanda chenu, lenye picha ya kopo la bia. Juu yake kuna uso wa Nalepo, anacheka, na chini ya uso neno moja kubwa: MAMA. Nyuma kuna maandishi ya Kijapani ambayo Nelson, asiyejua kukisoma, aliyatafsiri kwa simu. Yanasema huyu ni mama yake Irine, mtengenezaji wetu, na kwamba anapika bia hii kwenye kibanda chake chini ya Mlima Meru.

Nalepo hajawahi kuonja pombe. Baba yake aliuawa na pombe ya gongo, yeye ndiye aliyemkuta mtaroni na nzi wamemjaa mdomoni. Ndiyo maana hata mbege yangu ikichachuka jikoni yeye hapiti upande ule, na mimi huifunika kwa ajili yake. Sasa wanawake wenzake wa kwaya wameiona hiyo picha. Wanamuuliza ameanza lini kutangaza pombe. Leo hakwenda kanisani. Amejifungia, na ng'ombe nimemkamua mimi, kwa mguu huu.

Nimelitazama hilo kopo, nikatoka kwenda kutapika kwenye karo. Sikutapikia Wajapani. Wao hawanijui, wamekula chakula changu siku moja wakaenda zao. Wewe umetoka tumboni mwangu. Ulipoulizwa kama huyu ni mama yako, ulisema nini? Nijibu hilo tu.

Aikaeli


Nagano
30 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Niliandika barua nyingi nikazifuta. Zote zilikuwa zinazunguka swali lako.

Walionyesha picha zako kwanza, ukiwa mezani na gauni la kitenge. Msimamizi wa kiwanda cha pili akasema unaonekana mama wa mjini, wanywaji hawataamini. Akaweka picha ya Nalepo ukutani, akaniuliza kama na huyu anaweza kuwa mama yangu. Nikacheka, nikasema, "Kwetu kila mama ni mama." Wakapiga makofi. Niliona nimejibu vizuri, mama. Nilikuwa nafurahi kwamba kwa mara ya kwanza meza nzima inanisikiliza mimi. Nilipokuandikia kwamba mambo ya picha yamekwisha, kopo lilikuwa tayari limechorwa. Sasa nikilikumbuka lile jibu langu, najinukia.

Wiki iliyopita bia ilizinduliwa. Ukumbi ulijaa, watu wa viwanda vyote viwili, kila mtu na kopo lake. Walikuwa wanainua uso wa Nalepo, wanaweka midomo juu yake, wanafuta povu, wanasema, "Kwa afya ya Mama." Mmoja alimaliza, akalikunja kopo kwa kiganja, uso ukabonyea, akalitupa pipani. Kisha wakanipa kipaza sauti nisimulie habari zako.

Nikasema kwa lugha yao, "Huyu si mama yangu. Anaitwa Nalepo, hanywi pombe, na hakuna aliyemwomba ruhusa."

Wengine waliendelea kunywa taratibu, kwa kuwa hawakujua wafanye nini na mikono yao. Bwana Igarashi aliinama mbele yangu mpaka nikaona kisogo chake. Alijua wewe ndiye uliyenizaa, mama, lakini kwa lile jibu langu aliamini kwamba Nalepo naye ni mama yangu na ameridhia. Kesho yake akaleta karatasi nyeusi za kubandika, tukakaa naye ghalani tukaziba uso kwenye kila kopo lililobaki. Nimebandika mpaka vidole vikanata. Hakuna kopo litakalotoka tena na uso wake. Tafadhali mwambie Nalepo.

Nina likizo ya Krismasi. Ningependa kuja nyumbani, kama nina ruhusa.

Mwanao,
Irine


Moshono
8 Desemba 2024

Irine,

Marahaba.

Barua yako nilimsomea Nalepo jana jioni. Alikuwa ameketi kwenye ngazi anachuja maziwa, maana tangu nilipokwenda na kusema mbele ya kwaya kwamba hilo kopo ni uongo, ameanza kutoka nje. Nilisoma yote, hata pale unaponitaja mimi. Sikumficha kitu.

Pale uliposimama ukasema jina lake, aliitikia kidogo kwa kichwa. Nilipofika kwenye zile karatasi nyeusi, akaweka chini kichujio.

Akauliza, "Wamenibandika karatasi usoni?"

Nikasema ndiyo.

"Na ile pombe bado wanaiuza?"

Nikasema ndiyo, inaonekana bado wanaiuza.

Akaniambia, "Mwalimu, anayefunikwa uso ni maiti. Kwanza walinichukua bila kuniuliza, sasa wamenizika bila kuniuliza." Akachukua maziwa yake akaingia ndani. Leo asubuhi hakuniletea, nami sikumfuata.

Anasema kweli, Irine. Nilikuwa nimeanza kukusamehe niliposoma habari za kipaza sauti. Halafu nikawaona, wewe na bosi wako, mmekaa ghalani mnamziba mwanamke mzima uso, kopo baada ya kopo, ili bia isiharibike. Kinyaa kikanirudia upya. Nadhani hukukiona kile ulichokuwa unafanya. Ulikuwa unaona vidole vyako vinavyonata.

Ombi lako la msamaha umeniandikia mimi. Mimi sikuwekwa kwenye kopo.

Njoo Krismasi. Usiniletee bia, wala zawadi ya kiwandani, wala picha. Ukishuka usije mlangoni kwangu. Zunguka uani, ukapige hodi kwa Nalepo, wewe peke yako, umwambie kwa mdomo wako ulichosema pale walipopiga makofi. Mimi nitakuwa ndani, na sitatoka kukusaidia.

Akikufungulia, na mimi nitakufungulia.

Mama yako